Gari la Jeshi la Kupandia Mlima

Nyuma ya duka moja la mtaa wa Najma, Doha, mkabala na fundi wa matairi, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi la wafanyakazi. Juu yake kiyoyozi cha wenyewe kinadondosha maji kama pua ya mtoto. Hapo ndipo kijiweni. Kila Ijumaa baada ya alasiri madereva wa majumbani huja kupumzisha migongo, na Bi Salma, mpishi wa Kiunguja aliyemaliza miaka ishirini na miwili katika jiko la watu, huja na dele lake la kahawa na vikombe visivyo na mikono. Kahawa anatoa bure. Yeye hulipwa kwa habari.

Na Ijumaa hii habari alikuwa nayo tangu Jumatano, imemkaa kooni kama mwiba wa changu. Wesley, Mkalenjini mpole anayeitwa Gia Moja kwa kuwa hajawahi kuonekana akikimbia, alikuwa amepewa chaguo na mzee ambaye yeye ni dereva wake mwaka wa kumi na nne sasa. Ama aende kwao moja kwa moja na apewe lile jipi kuukuu lililolala shambani kwa mzee, ama atie saini miaka miwili mingine. Jibu linatakiwa leo kabla ya magharibi.

Bi Salma alijua pia kwa nini Wesley analitaka jipi. Mwezi wa tatu mama yake alishushwa mlimani kwenda zahanati juu ya kiti cha plastiki, wanaume wanne wamembeba, tope magotini, na mmoja akateleza. Nyumbani walimficha Wesley habari hiyo. Jirani ndiye aliyemtumia video.

Hamza wa Tanga ndiye aliyeanza. Wanamwita Mufti wa Magari, maana hutoa fatwa hata za magari ambayo hajapata kuyagusa.

— Lichukue, kaka. Lile gari la vita lile. Wamarekani walitaka kitu chepesi cha kubeba askari wanne na bunduki zao. Vita ikaisha, Wahindi wakaanza kuliunga kwao Bombay. Halina urembo, si ghali, lakini halikwami. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na vita.

Hakuna aliyemsahihisha. Wiki nzima wamebeba watoto wa shule na mifuko ya sokoni. Nguvu ya kusahihisha methali ya mtu itoke wapi?

Ndirangu, anayeitwa Satelaiti kwa sababu hunasa yote na hachuji, akapokea kikombe cha pili.

— Hiyo ya Mufti ni ya juu juu. Guka yangu, babu, alikuwa vitani Burma. Hiyo gari ilikuwa inatupwa na ndege, iko ndani ya sanduku. Wasee, hao askari, wanafungua, wanaunga dakika kumi, wanaenda.

— Dakika kumi nyingi, — Hamza akasema. — Na boneti lake walipikia chapati.

— Si hata moja ilirudi kambini peke yake? Kanali amelala nyuma na risasi kwa mguu, hakuna dereva. Ilijipeleka mpaka kwa daktari.

— Ndiyo maana viti vyake vigumu. Gari lenyewe linataka mtu akae macho.

— Kwa mlima wa kina Gia Moja itapanda ikinusa tu, kama mbuzi. Mtaka cha mvunguni hachoki kupanda.

Bi Salma akainamia dele asionekane anacheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali, kiliishia kifuani. Alikuwa akimtazama Wesley akizungusha kikombe kitupu viganjani.

— Hapo nyuma, — Wesley akauliza hatimaye, — mtu mzima anaweza kulala? Akinyoosha miguu?

Hamza akasema analala. Ndirangu akasema analala na kugeuka. Wakalinyoosha jipi maskini mpaka likawa refu kama gari la wagonjwa.

Ndipo barabarani pakapigwa honi ndefu na breki ikalia. Binti mmoja akaruka kwenye ukingo wa njia, ameshika kifua. Alikuwa Nasimiyu, Mbukusu aliyeingia Doha wiki mbili zilizopita kulinda mlango wa hoteli. Bi Salma akamvuta kwa mkono, akamkalisha, akampa kahawa.

— Nimeangalia vizuri, mama, — akasema, bado anahema. — Lakini nimeangalia upande wa kwetu.

Wakamsimulia jipi, ili moyo umtulie. Wakamsimulia Burma, sanduku, kanali, mlima. Akasikiliza lote kwa adabu ya mgeni.

— Sasa usukani wake uko upande gani?

Mikono ikajibu kabla ya midomo. Wote watatu, mkono wa kulia ulishuka kutafuta gia, na ukabaki hapo hewani. Miaka yote hiyo wameendeshea usukani wa kushoto, mpaka wamesahau kwamba kwao ni kulia, na kwamba Kenya haiandikishi gari la usukani wa kushoto.

— Na pia hawakubali yenye imepita miaka minane, — Ndirangu akasema, taratibu, kama mtu anayefunga redio yake mwenyewe.

Nasimiyu akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na ubaya wowote usoni.

— Kwani bila gari mtu harudi?

Hamza akaangalia matairi ya fundi. Nyumba yake Tanga ilikuwa imekwama kwenye linta, juu ya madirisha, mwaka wa sita sasa. Ndirangu akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Bi Salma, mwenye jibu la kila kitu cha watu, akainamisha dele. Likatoa machicha.

Simu ya Wesley ikalia. Alikuwa mzee wake wa kazini. Akaitazama kidogo, kisha akasimama.

— Naam, baba, — akasema kwa Kiarabu chake cha garini. — Mimi naenda nyumbani. Gari acha likae.

Akasikiliza. Akaitikia mara mbili. Kisha akamrudishia Bi Salma kikombe.

— Wale waliombeba mama walikuwa wanne, — akasema. — Nitakuwa wa tano.