Mhandisi Gaudensi Tadei Ngwega, Aliyeona Aibu Kujisifu (1969–2025)

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na kwa jua. Mimi ni Mama Ndaki, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nieleze maisha yake kwa ufupi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1969 kijijini Idete, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Tadei Ngwega na Mama Marsiana, ambaye tunaye hapa. Nyumbani kwetu mtoto aliyejisifu mbele ya wageni aliondolewa kwenye sinia la wali akale peke yake jikoni. Gaudensi hakuwahi kuondolewa. Malezi hayo yalikuja kumponza, nitaeleza.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Idete kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari, na mwaka 1991 akapata cheti cha ufundi sanifu wa barabara. Aliajiriwa mwaka uliofuata, na kwa miaka ishirini alihangaika na makalavati na barabara za bonde hili, zile ambazo masika huzichukua kila mwaka, akipigiwa simu hata usiku maji yakipanda.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa na Aikande, binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa Kidatu. Mshenga wake, Mzee Mbaruku wa duka la vifaa Mlabani, anasema hajapata kazi ngumu kama ile. Kila alichomsifia bwana harusi ukweni, bwana harusi mwenyewe alikipunguza.

Mwaka 2013, akiwa na miaka arobaini na minne na shinikizo la damu, alikwenda chuo kikuu Dar es Salaam kusomea uhandisi ujenzi. Mimi sikulala vizuri kwa wasiwasi. Mwaka huo huo alijiunga na chama cha wahandisi kama mwanachama mwanafunzi. Kwenye mkutano wao wa mwaka, binti wa mapokezi aliona zile mvi, akampeleka meza ya mbele.

"Samahani, mwanangu, mimi ni mwanafunzi."

"Baba, utani tutaufanya wakati wa chai. Kaa hapa, maji haya."

Akakaa, akanywa maji. Mtoa mada alipofika akakosa kiti, ndipo kaka akatoa kitambulisho chake. Darasa zima lilimwita Mgeni Rasmi mpaka wanahitimu mwaka 2017.

Lakini shahada pekee haimfanyi mtu mhandisi. Anafanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anaandika ripoti, halafu anasailiwa. Msimamizi wa kaka alikuwa Mhandisi Jihan, mdogo kwake kwa miaka ishirini, ambaye yuko nasi leo. Kila asubuhi, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Kisha mwanangu huyo anamrudishia ripoti imejaa wino mwekundu. Kaka alisema hajawahi kufokewa kwa adabu namna ile.

Mwaka 2021 alisailiwa. Aliulizwa habari za daraja dogo alilolisimamia kwenye barabara ya mashamba ya mpunga. Akawasifu waashi, akamsifu dereva wa greda, akawasifu na kina mama waliopika. Mwenyekiti akamuuliza, "Na wewe ulifanya nini?" Akajibu, "Nilikuwepo." Hakufaulu.

Mwaka uliofuata figo zilianza kumsumbua. Daktari alimweleza ukweli wote, naye akatuambia anaogopa jambo moja tu, kuondoka kabla hajasajiliwa. Mhandisi Jihan akaja nyumbani kwa kaka, Mlabani hapa Ifakara, akaketi barazani, akaanza kumfundisha kujisifu.

"Baba, sema: niliamua daraja lipandishwe nusu mita."

"Tuliamua."

"Nani mwingine aliamua?"

"Hakuna."

"Basi sema."

Akasema, anaangalia miguu yake. Mwanawe Fredy akamwambia, "Baba, unaongea kama umeiba kuku." Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wake, nikacheka mpaka ukashika chini. Mazoezi hayo yaliendelea wiki nyingi.

Machi 2023 alirudi kwenye usaili amekonda, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya. Safari hii alijibu: "Niliamua lipandishwe. Wenzangu walipinga kwa sababu ya gharama, nikasimamia hesabu zangu. Mafuriko yalipokuja, watu walivuka." Akasajiliwa, akala kiapo, akapewa muhuri. Mama aliushika, akaugeuza.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakifuata miaka yote?"

"Ndicho, mama."

"Kidogo hivi."

"Na wino unauzwa kando, mama."

Alifanya kazi kama mhandisi karibu miaka miwili, huku akitibiwa. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025 asubuhi, hospitalini hapa Ifakara, mkewe amemshika mkono. Siku chache kabla, muuguzi mmoja alimsalimia, "Shikamoo, mhandisi." Akaitika marahaba, akatabasamu.

Ameacha mama, mke, watoto wawili na mimi mdogo wake. Fredy ni mwalimu. Jane yuko mwaka wa pili wa uhandisi ujenzi, naye ni mwanachama mwanafunzi, na wasiwasi wangu wote sasa umehamia kwake.

Leo kaka hawezi kunikatiza, kwa hiyo nasema mbele yenu: daraja lile aliamua yeye. Mungu ampe raha, na huko aliko asipigiwe simu kwamba maji yamepanda.