Impôt ya Maji

Banc yetu, ubao wa kukalia, iko hapa Baraka, kwenye kona ya njia yenye kushuka ku ziwa, mbele ya nyumba ya Mama Adolphine. Yeye ndiye mwenye kahawa, sisi ndio wenye maneno. Kila asubuhi unatukuta: Fabien, fundi wa kinga, zile baiskeli, tunamuita Avocat juu hakuna kitu asichotetea, Guy, muvuvi wa ndagala, tunamuita Météo juu anatabiri mvua na mvua inamukatala, na mi, Wilfried, mwenye kutengeneza radio. Zamani toka banc hii ulikuwa unasikia ziwa tu, hauioni. Kiisha maji ikaanza kupanda. Ikakula nyumba za kule chini, ikaingia katika shamba ya mihogo ya Mama Adolphine, ikasimama nyuma ya choo yake. Basi, asubuhi moja Mama akatumwangia kahawa bila kusalimia, akasema impôt ya parcelle yake, kodi ya kiwanja, wameipandisha mara mbili.

— Mara mbili? nikauliza. Juu ya nini?

— Nitajua wapi, Wilfried? Parcelle inapunguka, impôt inanenepa.

Avocat akaweka kikombe chini.

— Mi najua. Ni satellite. Mwaka jana ulibadilisha mabati, si ndiyo? Bati mupya inang'aa mpaka kule juu. Batu wa impôt wanaangalia, wanasema: huyu mama amekuwa tajiri.

— Nilibadilisha bati tatu, Avocat. Zingine zote ziko na kutu.

— Satellite haionake kutu.

Météo akatikisa kichwa.

— We unatafuta juu, na maneno iko chini. Ziwa imejaa juu fasi ya kutokea maji, kule Kalemie, imezibwa. Serikali inatafuta franga za kuzibua.

— Na Mama Adolphine peke yake ndiye atazibua Tanganyika?

— Si peke yake. Wanaanza na wenye kuwa karibu.

— Ngoja, ngoja! Avocat akasimama. Nimepata. Ni samaki! Samaki sasa iko inaogelea ndani ya parcelle yake. Wameihesabu kama mifugo!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwangika. Mama hakucheka. Tangu bwana yake afe, ni katika ile nyumba amekomalisha batoto wane.

— Cheka tu, akasema. Mi nikishindwa kulipa, watauzisha nyumba. Batoto nitawalalisha ku banc yenu hii?

Avocat akakaa tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mutu mukubwa.

— Mama, impôt inakatalika. Unaenda ku bureau ya impôt, unasema: sikubali, mukuje mupime tena. Ni haki yako. Twende, tutakusindikiza.

Tukaenda sisi wane. Nilifikiri watatufukuza, lakini walitusikiliza. Kesho yake agent mumoja akakuja na kamba ya kupimia, jina yake Isidore, mutu mupole, suruali imepigwa pasi vizuri. Mbele ya yote Mama alimuuliza sababu.

— Mama, impôt inafuata fasi. Mbele nyumba yako ilikuwa katikati ya quartier, rang ya chini, daraja ya bei ndogo. Sasa iko kando ya ziwa. Kando ya ziwa ni rang ya juu. Ni fasi ya kujenga hoteli.

— Hoteli! Météo akapiga makofi. Kumbe Mama alihamia kando ya ziwa bila kutoka kwake!

— Kuja uone hoteli yangu, Mama akasema.

Akamupeleka nyuma. Maji ilikuwa inapiga-piga ukuta wa choo. Isidore aliangalia, akajizuia kucheka, akashindwa.

— Hapa uko na haki. Nitarudisha rang ya zamani.

Kiisha akaanza kupima. Alitoka ku njia, akapita nyumba, akafika ku maji, akasimama.

— Mama, imebakia nusu. Nikiandika nusu, impôt itashuka tena, itakuwa kidogo sana.

— Andika mbio! Avocat akapiga kelele. Andika mbele haujabadilisha roho!

Pale kulikuwa mama mumoja tusiyemujua, amesimama na beseni ya mboga za lengalenga ku kichwa. Alisema anaitwa Marie-Goreth, Murundi, anatoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, alikuwa anatafuta kahawa tu. Alitua beseni.

— Munisamehe, akasema. Na maji ikirudi nyuma, ile shamba itakuwa ya nani?

Tukamuangalia Isidore. Isidore akaangalia kamba yake.

— Ya Mama, Avocat akasema.

— Kama ameandikwa nusu?

Météo, mwenye kujua maji yote, alisema tu kama zamani wazee waliona ziwa inapanda na inarudi. Inarudi siku gani, hakusema.

— Mi nauliza tu, Marie-Goreth akasema. Kwetu tulikimbia mara moja. Bwana yangu aliporudi kuangalia, alikuta mutu analima fasi yetu. Yule alikuwa ameandikwa. Sisi tulikuwa tunakumbuka tu.

Mama Adolphine alifunga kikwembe vizuri, akakamata ncha ya kamba, akaingia katika maji. Ilifika ku magoti, ku kiuno, ku kifua. Kule akaenda pole pole, anatafuta na miguu mawe ya mupaka, yale bwana yake alipanga wakijenga. Sisi tukangojea. Météo alikuwa amevua viatu tayari, kama angeanguka.

— Ni hapa! akapaza sauti. Niko nayakanyaga! Andika yote!

— Mama, utalipa impôt ya maji?

— Nitalipa! Ile ya zamani, siyo ya hoteli!

Isidore aliandika yote. Lile swali la Marie-Goreth alipeleka kwa chef wake, na chef naye alisema ataulizia kwa wakubwa wake.

Habari ilikimbia kando ya ziwa kuliko moto. Juma yenye kufuata nilipita ku bureau, nikakuta batu wamejaa ku mulango, na Isidore ameshika kiuno mbele ya muzee mumoja.

— Papa Minani, nanyi mumekuja kukatala impôt?

— Apana, muzee akajibu. Yangu walishaifuta. Tunakuja kuomba mutuandike tena, mutulipishe.

— Nyumba yako iko fasi gani?

Papa Minani alizunguka pole pole, akanyoosha mukono, akaonyesha katikati ya maji, pale pirogue moja ya muvuvi ilikuwa inapita.