Birika Nililolisifu Kabla ya Kulifungua

Akina mama wenzangu wa kikundi, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mnanijua mimi ni mtu wa kuagiza vitu mtandaoni. Leo nimesimama niwaeleze kilichonipata huko, na mkiniona nalia mnivumilie.

Mama yangu alinifundisha kwamba ukipewa kitu, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru kwanza. Kukichungulia mbele ya aliyekupa ni kukosa adabu. Nami nikaipeleka adabu hiyo mahali pasipo pake. Mzigo ukifika stendi hapa Ifakara, muuzaji ananipigia: "Dada, umepokea? Niachie neno zuri kule mtandaoni." Boksi bado limefungwa selotepu, mimi naandika: "Kitu safi, nunueni bila wasiwasi." Nyota tano. Nimesifu mashuka, kandambili, masufuria, vyote hivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kushukuriwa na muuzaji ni kutamu.

Ndivyo nilivyolisifu birika la umeme. Langu nikaliweka kabatini kusubiri wageni. Wifi yangu, mke wa kaka yangu kule Idete, akaona jina langu kwenye maoni ya wateja, akaagiza la kwake. Haikupita wiki, anamimina maji ya chai, kishikio kikachomoka. Maji yote yakamwagikia mkono wa kulia, mkono wa kushikia mundu, na mpunga shambani ulikuwa umeshaiva.

Nilimkuta hospitali. Akaniuliza, "Wifi, la kwako halina shida hiyo?"

Nikamjibu, "La kwangu zima."

Lilikuwa zima kweli, maana lilikuwa halijachemsha hata kikombe kimoja. Akasema, "Basi ni mimi sikulishika vizuri." Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoanguka, wenzangu, wala si pale stendi.

Nilirudi nyumbani. Siku ya tatu nikalitoa kabatini, nikachemsha maji. Mara ya pili tu, kishikio kikaanza kucheza. Nikaketi chini jikoni nikalia kama mfiwa. Kesho yake nikaenda Idete, nikamwambia kila kitu.

"Maoni yalikuwa mengi," akasema. "Mimi nilisoma ya kwako tu."

Msimu mzima hakunipigia simu.

Niliyafuta maneno yangu yote, nikaandika ya kweli kuhusu lile birika. Ninyi mliobeba mundu mkaenda kumvunia bila kuniuliza mengi, Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa. Mkono umepona, ila vidole viwili havikunjiki. Nikimwona anavyoshika kijiko, naumia.

Ninachowasihi ni hiki: shukrani ni ya aliyekupa, lakini ushahidi ni wa aliyetumia.

Wiki iliyopita alinipigia. "Wifi, nataka kununua pasi, ile nyekundu. Unaijua?"

Nikasema, "Siijui. Sijawahi kuitumia."

"Haya," akasema. "Hilo nimeliamini."