Giaboksi Chini ya Benchi

Benchi letu pale Dongobesh lina miguu mitatu. Mguu wa nne ulioza mwaka tuliohamia vijijini, na mahali pake tumeweka giaboksi la Landrova, chuma kizito cheusi ambacho hata mwizi akikiona anakihurumia. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa ya Severina, mbele ya nyumba yake, tumejifunika makoti na blanketi maana baridi ya huku haina adabu. Mimi wananiita Ngumbaru, kwa sababu ndimi ninayewafundisha watu wazima kusoma jioni, kazi niliyopewa baada ya kuonekana kwamba sina nyingine. Sulle tunamwita Injinia. Aliwahi kuziba pampu ya baiskeli kwa kipande cha kandambili, na pampu ikakubali. Cornel ni Kipaza, mtu mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, ambaye akinong'ona Dongobesh, kule Mbulu wanageuka. Wa nne ni Emilian, mwenye gari. Sisi watatu hatujui kuendesha hata punda, lakini kuhusu magari hatujawahi kukosa la kusema.

Jumatano ile mvua ilikuwa imenyamaza kidogo. Landrova yenyewe ilikuwa palepale, hatua chache kutoka kwenye benchi, imeng'aa kama inakwenda kubatizwa. Mzungu mmoja mkulima wa ngano kule Hanang alipofunga virago alimwachia Emilian, dereva wake, gari likiwa limeshachoka. Emilian akalirudishia uhai taratibu, miaka na miaka. Viti akavishindilia mabua ya ngano, akapaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye madirisha ya shule. Lilikuwa linatembea vizuri tu, mpaka mwaka jana. Mwaka jana Emilian alianguka kutoka juu ya paa la shule tukiwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, akavunjika mguu, akalala hospitali. Alipotoka na fimbo, akaliwasha gari, akaingiza gia, na gari likapiga yowe hadi mbwa wakakimbia.

Benchi likakaa kikao. Tukaamua bila kupingana: giaboksi limekufa.

Sasa sikilizeni tulivyolipata lingine. Kule Endagikot, kwenye korongo la mzee Hhando, kulikuwa na mkweche wa Landrova uliolala kichwa chini, na mzee Hhando ameugeuza banda la kuku. Tukaenda na spana za kuazima, punda wawili na dumu la pombe. Mzee akasema chukueni, ila kuna kuku anaatamia juu ya boksi lenyewe, na atakayemshtua atakaa yeye juu ya mayai. Tukafungua bolti moja moja huku tunanong'ona kama tuko kwenye kitubio, na Kipaza tulimfunga kitambaa mdomoni. Tulimhamisha kuku pamoja na kiota chake, hakufumbua hata jicho. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoifanya vizuri katika habari hii yote.

Giaboksi la Hhando likaingia kwenye gari. La zamani likaja kuwa mguu wa benchi. Na Jumatano ile asubuhi Emilian akaliwasha, akaingiza gia. Yowe lilelile.

Wala hapakuwa na muda wa kucheza. Jumamosi binti yake, Fabiola, mwalimu kule Gitting, alikuwa anafunga ndoa kanisani hukohuko. Basi halipandi huku tangu mvua zianze. Mke wake Veronica na mashangazi walishaondoka kwa miguu tangu Jumatatu, vikapu kichwani. Emilian na mguu wake ule asingefika hata mlimani.

Emilian: Veronica aliniambiaje pale mlangoni? "Wewe kaa na gari lako, baba Fabi, tutakuletea nyama." Nyama! Harusi ya mwanangu wa pekee, mimi niletewe nyama kwenye kikapu!

Kipaza: Usilie, bwana. Tuko hapa.

Emilian: Ndicho kinachoniliza.

Severina akapita na birika. Akajikwaa, kama kila siku, kwenye miguu ya Kipaza iliyokuwa imelala toka benchini hadi nusu ya barabara.

Severina: Wewe! Toa hiyo miguu yako njiani! Siku moja nitakumwagia kahawa kwenye magoti, na hata sukari yenyewe haipo dukani.

Kipaza akaikunja kidogo. Injinia akakohoa, na Injinia akikohoa ujue tumekwisha.

Injinia: Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Lile boksi limelala kichwa chini korongoni tangu enzi za Azimio. Sasa kwake yeye mbele ni nyuma na nyuma ni mbele. Emilian unapoweka gia ya kwanza, yeye anaona unamrudisha korongoni. Ndiyo maana anapiga kelele.

Mimi: Kwa hiyo tufanyeje?

Injinia: Tuligeuze gari kichwa chini.

Emilian: Na mimi je?

Injinia: Wewe utashika usukani kwa nguvu.

Kipaza: Acha uongo, Injinia! Shida ni kwamba lile gari la Hhando lilikuwa la serikali. Hamkuona namba zake ubavuni? Boksi limezoea posho. Gari la namna hiyo haliondoki mpaka lisomewe barua ya safari, tena yenye muhuri. Ngumbaru, wewe unajua kuandika. Liandikie.

Nami nilikuwa nimeshaanza kupapasa mfukoni kutafuta kalamu. Mungu anisamehe, niliona kuna ukweli ndani yake. Lakini kwa vile mimi ni mwalimu, ilinibidi nitoe wazo langu, la kisomi.

Mimi: Ndugu zangu, tuangalie ushahidi. Injini ikiwa imezimwa, gia zinaingia laini kama kisu kwenye siagi. Ni kweli au si kweli?

Emilian: Kweli.

Mimi: Injini ikiwaka, yowe. Kweli?

Emilian: Kweli kabisa.

Mimi: Basi boksi limezoea kuku! Limelelewa kwenye ukimya. Kelele za injini linazikataa. Dawa yake ni kulizoesha. Leo tuliimbie kidogo, kesho tulipigie ngoma, Ijumaa tuwashe injini.

Severina: Na Jumamosi?

Mimi: Jumamosi litakuwa limeshazoea.

Severina akaniangalia jinsi anavyomwangalia mteja anayerudisha kikombe kina masalia ya ugali. Emilian alikuwa ameinama, anausugua mguu wake wa kushoto ulionyooka mbele yake kama mpini wa jembe. Hakucheka. Siku zote alikuwa anacheka.

Kipaza: Ninayo njia nyingine. Umesema injini ikizimwa gia inaingia, sivyo? Basi tuiweke gia sasa hivi, tusukume gari mpaka kwenye mteremko, liwake lenyewe, ushuke moja kwa moja mpaka Gitting. Usisimame popote.

Emilian: Kuna milima katikati, Kipaza.

Kipaza: Utaipanda kwa hasira za mteremko.

Emilian: Na nikifika nitasimama vipi?

Kipaza: Husimami! Unazunguka kanisa mpaka misa iishe. Fabiola akitoka anakupungia mkono.

Injinia: Wazo zuri. Na petroli ikiisha atakuwa amesimama.

Hapo Emilian akatupa kahawa yake chini. Nilishtuka, maana kahawa ya Severina haitupwi.

Emilian: Nyinyi watu mna roho gani? Mtoto wangu ataingia kanisani ameshikwa mkono na nani? Na mjomba? Nimemlea, nimemsomesha, nimemwambia, siku yako nitakuja na gari la buluu. Ameshawaambia wakwe! Wanangoja gari la buluu!

Mimi niliona aibu, kweli nakwambia, ile ya kupanda mpaka masikioni. Jumatatu tungeweza kumtafutia punda mpole, wakaondoka naye pamoja. Lakini Jumatatu tulikuwa benchini tunabishana kama punda naye ana giaboksi.

Ndipo akatokea yule muuguzi mpya wa zahanati, ametumwa huku kutoka Songea, jina lake Zita. Amevaa sweta mbili na bado anatetemeka.

Zita: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba, marahaba.

Zita: Naomba kahawa, mama Severina. Wazee, kuna nafasi?

Kipaza akakunja miguu. Zita akaketi upande wa giaboksi, akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Tukamweleza habari yote, kila mtu na yake, kwa pamoja. Akasikiliza kwa adabu mpaka tukaishiwa pumzi. Kisha akautazama ule mguu wa Emilian.

Zita: Pole sana, mzee. Huo mguu unakunjika?

Emilian: Kidogo. Si sana.

Zita: Ukiusukuma hivi, una nguvu?

Emilian: Nguvu zinakuja na kuondoka.

Zita: Samahani, mimi magari siyajui. Lakini mguu huo wa kushoto, ndani ya gari unafanya kazi gani?

Injinia akatazama mawingu. Kipaza akakinywa kikombe kilichokuwa kitupu tangu zamani. Mimi nikamtazama Emilian, na Emilian akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lijengwe, Severina aliweza kusikia maji yake yakichemka.

Emilian: Unakanyaga klachi.

Mimi: Klachi ndiyo nini?

Emilian: Usipoikanyaga mpaka chini, gia hazikubali. Zinapiga yowe.

Injinia: Sasa... wewe unaikanyaga mpaka wapi?

Emilian: Nusu. Mguu unagoma. Nimejua tangu siku niliyotoka hospitali.

Kipaza: Emilian! Tumelala chini ya kuku siku nzima! Mimi nimefungwa mdomo!

Emilian: Mlisema ni giaboksi. Nikafurahi, jamani. Giaboksi linapatikana korongoni. Mguu wangu mngeutafutia korongo gani? Mtu aliyekuwa dereva, akisema mguu umekufa, anabaki nani? Nikasema labda mnajua nyinyi. Labda ni giaboksi kweli.

Akajifuta macho kwa kofia. Zita naye akaanza kuomba radhi, maskini, akidhani ametuvunjia adabu.

Severina akaja na birika kumjazia mgeni. Akajikwaa.

Severina: Kipaza! Miguu mirefu yote hiyo, kazi yake ni kukwaza watu tu?

Alitaka kuendelea, lakini akasita. Akaitazama ile miguu, nzima, yenye nguvu, imelala barabarani bila kazi. Sisi tukaitazama. Mwishowe Kipaza mwenyewe akaitazama, kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake.

Kipaza: Emilian, pale mbele wanakaa watu watatu, siyo?

Emilian: Watatu.

Kipaza: Wa katikati, mguu wake unafika?

Emilian akainua kichwa.

Tuliwaingiza wote wawili. Kipaza alijikunja katikati, fimbo ya gia kati ya magoti, mguu wa kulia akaupitisha mpaka kwa jirani. Injini ikawaka.

Emilian: Kanyaga! Mpaka chini!

Kipaza akakanyaga utadhani anaua nyoka. Emilian akasukuma gia. Hatukusikia kitu. Hata ng'e angepita tungemsikia. Imeingia!

Emilian: Sasa achia.

Kipaza akaachia yote kwa mkupuo. Landrova ikaruka kama mbuzi, ikalipiga benchi letu dafrao, benchi likaanguka kutoka kwenye giaboksi lake, vikombe vya bati vikatawanyika mpaka kwa jirani.

Emilian: Polepole, mtu wa Mungu! Achia polepole!

Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Severina aliokota vikombe huku anatutukana, na yeye pia alikuwa anacheka.

Walifanya mazoezi mpaka Alhamisi jioni, kuzunguka uwanja wa mnada. Kanyaga! Achia! Polepole! Watoto wa shule wakawa wanaitikia. Ijumaa alfajiri tukaondoka, mimi na Injinia nyuma pamoja na lile giaboksi la zamani, zima kabisa, halikuwahi kuwa na kosa lolote; Injinia alisisitiza tulibebe kama spea. Lilinikanyaga vidole kila kona mpaka Gitting. Nilistahili.

Kanisani Emilian aliingia na fimbo mkono mmoja na Fabiola mkono wa pili, na nje gari la buluu lilikuwa limezungukwa na wakwe. Veronica alipotuona alifunika uso kwa khanga. Padri akasema baba amkabidhi binti yake. Bwana harusi akanyoosha mkono. Emilian akasimama palepale. Mkono wa mtoto ameukamata, hatoi. Padri akangoja. Kwaya ikangoja. Kijana wa watu mkono umebaki hewani.

Kipaza alikuwa benchi la mbele, miguu kwenye njia ya katikati. Akainama, akanong'ona, na kanisa zima likasikia mpaka mlangoni.

— Achia, Emilian. Polepole.

Akaachia.