Bi Mwanarusi na Mfalme wa Zuhali

Tarehe 30 Juni 1998, Bi Mwanarusi, mtunza vifaa vya maigizo wa Studio ya Zumaridi hapa Bondeni, anastaafu baada ya kuitumikia studio kwa miaka ishirini na sita.

Aliajiriwa Mei 1972, wakati studio ikipiga picha za harusi na za pasipoti. Jukumu lake la kwanza lilikuwa kutunza makoti matatu na tai mbili za kuwaazima wateja waliotaka kuonekana makarani wa Kilindini. Tangu siku hiyo hakuna kilichotoka stoo bila saini, wala kilichorudi kikiwa kimepungukiwa kifungo. Meneja mwenyewe aliwahi kunyimwa mwavuli kwa sababu saini yake haikusomeka.

Kwa sifa kama hizo, tukio la Februari 1995 linastahili kuelezwa kwa ukamilifu.

Studio ilikuwa ikitengeneza mfululizo wa televisheni, *Wageni wa Zuhali*, unaohusu viumbe wa sayari hiyo wanaotua Mombasa. Sehemu tisa za kwanza zilikuwa nzito mno. Kituo cha televisheni kikaandika kwamba sehemu ya kumi iwe ya kuchekesha, na iondoke kwa treni ya Ijumaa jioni. La sivyo, mfululizo ungekoma. Wafanyakazi kumi na mmoja waliisoma barua hiyo kwa makini sana, maana studio haikuwa na kazi nyingine.

Sehemu hiyo ilimhitaji Mfalme wa Zuhali, kiumbe asiye na mfupa, anayetetemeka akikasirika. Sanamu yake ya mpira ilianikwa juani ili rangi ikauke, ikayeyuka. Bi Mwanarusi akaenda Mji wa Kale, akarudi na sinia la halua, ratili kumi, iking'aa kwa samli. Akaipachika macho ya vifuniko vya soda, akapatikana Mfalme mfupi lakini mwenye haiba.

Bwana Ronald, mwongozaji aliyehamia karibuni kutoka Kakamega, alipanga onyesho la mwisho, Mfalme anaposalimu amri, lipigwe Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alijua kwamba ni Ramadhani. Hakujua nguvu ya halua saa hiyo. Abdulghafur, aliyeigiza nahodha wa chombo cha anga, alitakiwa kumtazama Mfalme kwa chuki, naye akamtazama kama mchumba. Mara saba kamera ikasimamishwa. Ronald alipomsihi afikirie jambo la kuudhi, Abdulghafur alijibu kwa unyenyekevu kwamba alikuwa akijitahidi, ila harufu ya iliki ilimkatiza mawazo.

Kanda ikaisha, na Ronald akaenda kuchukua nyingine. Papo hapo ikasikika adhana ya magharibi. Bi Mwanarusi, ambaye kila Ramadhani ndiye huwafuturisha wenzake, alitoa tende, akashika kisu, akamkata Mfalme vipande na kumpa kila mtu fungu lake. Alipotanabahi, alikuwa akimimina kahawa.

Ronald aliporudi alikuta sinia lenye macho mawili. Akaketi sakafuni. Ukumbi mzima ukamgeukia Bi Mwanarusi. Alimpa Ronald kikombe, akasema:

"Mwanangu, washa kamera. Nawe Abdulghafur, wapelekee habari watu wake."

Abdulghafur, kikombe mkononi, aliisogelea redio ya chombo cha anga, akafuta midomo.

"Zuhali, mfalme wenu amefika salama. Tumempokea kwa kahawa. Mkiweza, tuleteeni na nduguze."

Onyesho lilipigwa mara moja tu. Kanda ikaondoka kwa treni ya Ijumaa, na jibu la kituo likawa kuagiza sehemu nyingine kumi na mbili. Mfululizo sasa unaingia mwaka wake wa tano.

Bi Mwanarusi, kati ya wale kumi na mmoja, hakuna aliyepoteza kazi, na wewe ndiwe wa kwanza kuondoka. Pokea shukrani zetu zote. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, utulivu wa nyumbani na majirani wema, nawe utukaribishe tukija kubisha hodi.