Nyimbo za Effie Ndani ya Diski

Benchi letu liko mbele ya duka la ushirika, hapa kisiwani Cape Breton, Kanada, ambako kila mtu ni MacDonald, kwa hiyo bila jina la utani hata posta haikupati. Yupo Archie Injini, aliyefungua trekta akashindwa kuifunga. Yupo Roddy Mbili-Mbili, asiyenunua kitu kimoja. Mimi wananiita Redio. Sababu waulizeni wao. Asubuhi ile, kahawa ikiwa bado ya moto, akaja Hector Kimya na diski yake ameivisha soksi. Kompyuta imeanza kugoma kusoma mafaili, na ndani ya diski ndimo zilimo nyimbo za marehemu mkewe Effie, za Kigaeli cha mababu zetu wa Uskoti, alizojirekodi jikoni kabla ugonjwa haujamkaba koo. Jumamosi mjukuu anaolewa, anataka bibi amwimbie. Hector alitaka kujua tu: azihamishie wapi zisiharibike?

Archie akasema baridi huhifadhi kila kitu, aiweke kwenye friza pamoja na samaki. Nikamuuliza ikitoka humo ikatoa jasho, ataipepea?

Roddy akadai dawa ni kisanduku cha diski mbili zinazoigana. Moja ikifa, ya pili ipo.

— Zinaigana mpaka ujinga, Roddy, nikasema mimi. Ulipofuta zile picha za shemeji yako, si zilifutika kote kuwili?

— Ilikuwa heri, akasema, akajificha nyuma ya kikombe.

Archie naye akapanda juu zaidi: jua lina dhoruba zake, zinafuta diski zote duniani, hiyo ifukiwe ndani ya sanduku la chuma, nyuma ya kanisa, karibu na Effie. Hapo tukatazama chini. Hector akasema taratibu kwamba nakala anazo tele: nyingine kwenye kopo la chai, nyingine kwa mwanawe anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta huko Alberta, na kila Krismasi huongeza.

— Sasa hofu ya nini, mzee? akasema Roddy. Una akina Effie wengi kuliko alipokuwa hai.

Mireille, binti mgeni wa posta, alikuwa amesimama na barua zetu mkononi, akisikiliza.

— Samahani, baba. Katika hizo nakala, ni ipi uliyoifungua mwisho ukaisikiliza? Maana faili likishaoza, ukilinakili unanakili uozo.

Mimi ninayejua nani kalala wapi mji mzima, hili sikuwahi kulidadisi: tangu mazishi, Hector alikuwa ananakili tu. Kusikiliza hajathubutu.

Hector akaivua diski soksi.

— Mkikaa na mimi, akasema, nitaifungua.

Roddy akaenda kuchukua kompyuta kwenye gari la Hector. Mireille akaweka barua chini. Mara mbili waya wa Hector ukakosa tundu, ndipo Archie akaushika naye, wakauchomeka pamoja.