Valerian Sirili Tesha na Masale Aliyoyapanda Njiani

Wasifu wa marehemu, unasomwa na dada yake, Zita Sirili Tesha, kwa niaba ya familia. Kilema, Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2025.

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo.

Marehemu Valerian alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968 hapa hapa Kilema, mtoto wa pili wa Mzee Sirili Tesha na Mama Magdalena, ambao wote wametutangulia. Mama alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akichuma kahawa, na debe lilikuwa halijajaa. Ndiyo maana kila Valerian alipochelewa mahali, na alichelewa sana, alijitetea kwamba siku ya kwanza aliwahi mno.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza mwaka 1982, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Moshi. Darasani alikuwa wa kawaida, tusimpambe. Mapenzi yake yalikuwa kwenye baiskeli ya Swala ya baba, katika kijiji ambacho kila mtu alijua kwamba baiskeli ni kitu cha watu wa tambarare. Siku moja baba alimtuma Himo kuuza mkungu wa ndizi. Kwenye mteremko breki zilikataa, naye akaona afadhali mfongo, mfereji wetu wa maji, kuliko ukuta wa kanisa. Alirudi jioni ameuza ndizi zote, amelowa, na mguu mmoja hauna kiatu. Baba alitaka kumchapa akashindwa kwa kicheko.

Mwaka 1990 alianza kazi ya upagazi mlimani, na mwaka 2001 akafungua karakana ya baiskeli pale Himo. Mwaka 2008 walimfikia wageni wenye baiskeli nyepesi za barabara za changarawe, wakiuliza kama kuna njia isiyo na malori. Valerian alifunga karakana siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakurudi kuwa fundi wa kukaa chini. Aliwapitisha wageni katikati ya vihamba, mashamba yetu ya migomba na kahawa, kandokando ya mifongo, wakaingia msituni kwenye ukungu na kutokea nyika ya juu, pale miti inapokwisha na upepo unapoanza kuongea peke yake. Alikuwa na masharti yake. Mgeni alifundishwa kusema shikamoo kabla ya kufundishwa kubadili gea, na kila bibi aliyekutwa njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe lazima asalimiwe, baiskeli zikiwa zimesimama. Bibi zetu walizoea, wakawa wanaitika, "Marahaba, mzungu wa Vale!" Siku hizi wageni hupita na simu mbele ya usukani, na bibi wengi wa wakati ule hawapo. Tunazikumbuka sana asubuhi zile.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Beatrice katika Kanisa la Kilema. Bwana harusi alifika kwa baiskeli, suti imepigwa vumbi, na Beatrice alimfuta kwa leso yake mlangoni mbele ya paroko. Waliishi hivyo miaka yote, huyu akichafuka na huyu akifuta.

Sasa tuseme na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Mwaka 2014 wageni walikuwa wanapotea kwenye njia panda. Valerian aliweka vibao vya bati, na vibao vikageuka mapaa ya mabanda ya kuku. Ndipo akapata wazo. Akapanda masale, ile mimea yetu ya majani marefu, mawili mawili, kila mahali pa kukata kona, kwa sababu hakuna Mchagga anayeng'oa sale. Wazo lilikuwa zuri. Ila sale kwetu ndio mpaka wa kihamba, na baadhi ya masale hayo aliyapanda kwenye kihamba cha ndugu yetu Yakobo, mtoto wa baba mdogo, wakati mwenyewe yuko Dar es Salaam. Wala hakumwambia mtu.

Yakobo alirudi Desemba kama sisi sote tunavyorudi, akakuta mipaka mipya shambani kwake.

"Aisee Vale, mimi nahangaika Dar, wewe huku unanisogezea mpaka?"

"Mpaka wa nini? Hiyo ni alama ya baiskeli!"

"Sale ndiyo alama ya baiskeli? Mzee Sirili angesikia!"

Hata Yakobo hakuthubutu kuyang'oa. Alifunga njia kwa magogo. Wazee wakamwambia Valerian akate sale, alishike mkononi, aende akaombe radhi, kwani anayeombwa kwa sale hakatai. Valerian akajibu kwamba hajaiba hata shibiri moja, sasa radhi ya nini. Alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Wageni wakawa wanazungushwa kwenye barabara ya magari, lakini kilichomuuma hakikuwa njia. Zamani Krismasi ilikuwa mbuzi mmoja kwa nyumba zote mbili. Tangu mwaka ule walichinjwa mbuzi wawili, pande mbili za magogo, na kila upande ukanusa moshi wa mwenzake.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kuugua figo, akatibiwa hospitali mjini Moshi na baadaye nyumbani. Binti yake Violet akashika kazi ya kuongoza wageni. Mwezi Novemba, Valerian alimwomba Beatrice amkatie kichwa cha sale. Alikiweka kwenye bilauri ya maji kando ya kitanda.

"Kosa langu ni kunyamaza," alimwambia. "Sale halipandwi kimya kimya."

Violet alitaka kumpigia Yakobo. Baba yake akakataa: "Sale haliendi kwa simu, mwanangu. Desemba ndiyo hiyo, atakuja."

Valerian alifariki dunia Jumanne, tarehe 2 Desemba 2025, alfajiri. Yakobo alifika Alhamisi. Beatrice alimkabidhi ile bilauri, akamweleza ilikuwa inamsubiri nani. Yakobo aliishika kwa mikono miwili, akaketi barazani, akalia kwa sauti. Kisha akaomba shoka. Asubuhi ya leo mmeona wenyewe, jeneza limepita kwenye njia ile, katikati ya masale, na yamekuwa marefu kuliko waliolibeba.

Marehemu ameacha mjane, Beatrice, watoto wawili, Violet na Lucky, mjukuu mmoja, dada yake, Zita, na ndugu yake, Yakobo. Jina hili la mwisho halikuwamo tulipoanza kuandika. Mwenyewe aliomba liwekwe, nasi tumeliweka kwa moyo wote.

Tukishaweka mashada, Yakobo atapanda lile sale la kwenye bilauri hapa kichwani pa kaburi. Limeshatoa mizizi. Safari hii tunatangaziana kabla, mbele ya majirani na mbele ya paroko: ni alama tu, si mpaka.

Pumzika, kaka Vale, mikononi mwa Bwana. Njia iko wazi.